Nani Apige Muhuri: Historia ya Wakati Unaojiandika katika Hifadhidata

Karibu kila jedwali la kumbukumbu linaloundwa leo katika mifumo ya kompyuta, liwe la wagonjwa wa zahanati, la mauzo ya duka au la wanafunzi wa chuo, huwa na safu mbili ambazo hakuna mtumiaji anayezijaza kwa mkono: moja hutaja siku na saa ambayo kumbukumbu iliingizwa kwa mara ya kwanza, na nyingine hutaja siku na saa ilipobadilishwa mara ya mwisho. Alama ya namna hiyo huitwa muhuri wa wakati. Kwa muda mrefu mafundi wa kompyuta wamegawanyika juu ya nani anayepaswa kuupiga, kama ni programu, yaani msimbo ulioandikwa na waundaji wa mfumo husika, au ni hifadhidata, yaani mtambo unaotunza majedwali na kupokea maagizo ya kuyasoma na kuyabadilisha. Mabishano hayo huendeshwa kana kwamba ni ya kanuni tupu, na kila upande hautindikiwi hoja. Lakini ukifuatwa mwenendo wa zana zenyewe tangu miaka ya 1990, hudhihirika kuwa desturi iliyoenea zaidi, ile ya kuuacha muhuri mikononi mwa programu, ilitokana na upungufu wa hifadhidata za wakati ule kuliko ilivyotokana na nadharia yoyote.

Swali lenyewe ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1661 Henry Bishop, aliyekuwa mkuu wa posta ya Uingereza, alianzisha muhuri mdogo wa duara, wenye mwezi upande mmoja na siku upande wa pili, uliogongwa kwenye barua katika posta ya London, kwa sababu watu walikuwa wakilalamika kwamba barua zao zinakawizwa njiani. Waandishi wa barua walikuwa na mazoea ya kuandika tarehe juu ya karatasi tangu zamani, na muhuri wa Bishop haukuiondoa tarehe hiyo, bali uliongeza ya pili, iliyoandikwa na mtunzaji badala ya mwandishi. Tarehe hizo mbili zilieleza mambo mawili tofauti, moja ikisema barua iliandikwa lini na nyingine ikisema ilipokewa lini, na mdai aliyetaka kuthibitisha ucheleweshaji hakuweza kuitegemea ya kwanza peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Willard Bundy, sonara wa mji wa Auburn katika jimbo la New York, aliipeleka fikra hiyo viwandani kwa kubuni saa iliyochapa muda wa kuingia kazini kila mfanyakazi alipotia ufunguo wake wenye namba, hivyo kwamba si mfanyakazi wala msimamizi aliyeandika muda huo kwa kalamu yake. Kampuni iliyotengeneza saa hizo ilikuja kuwa mojawapo ya mizizi ya muungano wa mwaka 1911 ambao, kuanzia mwaka 1924, ulijulikana kwa jina la IBM.

Katika ulimwengu wa kompyuta, uamuzi wa kwanza uliodumu ulifanywa na Unix, mfumo wa uendeshaji uliobuniwa Bell Labs na Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwongozo wake wa kwanza, wa Novemba 1971, ulieleza saa iliyohesabu visehemu vya 1/60 ya sekunde kuanzia mwanzo wa mwaka 1971, na kwa kuwa hesabu hiyo ilitunzwa katika biti 32, ingejaa baada ya siku zipatazo 829. Hatimaye ikaamuliwa zihesabiwe sekunde nzima kuanzia tarehe 1 Januari 1970, na huo ndio mwanzo wa wakati unaotambuliwa na mifumo mingi hadi sasa. Lililo na uzito zaidi kwa mada hii ni namna Unix ilivyogawa mamlaka juu ya nyakati za faili, kwa kuwa kila faili lilikuja kuwa na nyakati tatu: wa kusomwa mara ya mwisho, wa kubadilishwa kwa yaliyomo, na wa kubadilishwa kwa taarifa za faili lenyewe kama vile umiliki na ruhusa. Nyakati mbili za mwanzo mwenye faili huweza kuzipanga kwa amri, na programu za kurejesha nakala za akiba hufanya hivyo ili faili la mwaka jana lisionekane limezaliwa leo. Wakati wa tatu huwekwa na kiini cha mfumo peke yake, na hakuna amri ya kawaida ya kuupanga. Wabunifu hao walikuwa wametambua kuwa kuna wakati ambao ni mali ya mtumiaji na kuna wakati ambao ni mali ya mtunzaji, na kwamba faili moja linaweza kuzibeba nyakati zote mbili bila mgongano.

Hifadhidata zilichelewa kufikia ukomavu huo. Modeli ya mahusiano, iliyopendekezwa na Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, ilihusu muundo wa majedwali na mantiki ya kuyauliza maswali, wala haikuwa na neno maalumu juu ya wakati. Lugha ya SQL iliyotokana nayo ilipowekewa kiwango rasmi mwaka 1986, kiwango hicho hakikuwa na aina yoyote ya data ya tarehe wala ya saa. Ni kiwango cha mwaka 1992 ndicho kilicholeta aina ya TIMESTAMP, yaani tarehe na saa kwa pamoja, pamoja na jina la kuiuliza hifadhidata ni saa ngapi sasa. Katika miaka yote iliyotangulia, kila mtengenezaji alikuwa amejitengenezea utaratibu wake, kwa hiyo aliyehamisha mfumo wake kutoka hifadhidata moja kwenda nyingine alilazimika kuyaandika upya maagizo yote yaliyogusa tarehe.

Wanazuoni hawakuwa wamelala. Mwaka 1985 Richard Snodgrass na Ilsoo Ahn walichapisha uainishaji wa nyakati katika hifadhidata, wakitenganisha wakati ambao jambo ni kweli duniani na wakati ambao jambo hilo liliandikwa katika hifadhidata. Mteja aliyehama nyumba Jumatatu na akatoa taarifa Alhamisi ana nyakati zote mbili, na hakuna wakati mmoja unaoweza kuukaimu mwingine. Katika miaka hiyohiyo, mradi wa POSTGRES ulioongozwa na Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulijenga hifadhidata isiyofuta kitu: mstari ulipobadilishwa, toleo la zamani lilibaki na kila toleo lilibeba wakati wa kuanza na wa kukoma, hivyo kwamba mtumiaji aliweza kuuliza jedwali lilikuwaje siku fulani iliyopita. Uwezo huo uliondolewa katika toleo la 6.2 la PostgreSQL, hifadhidata iliyotokana na mradi huo, mwaka 1997, kwa sababu ulipunguza kasi na kula nafasi kubwa ya diski. Yaonekana ulikuwa uamuzi wa busara kwa mashine za wakati ule, ingawa uliwaachia waliofuata kazi ya kuirudia safari hiyo tangu mwanzo.

Hata hivyo, mtandao wa miaka ya 1990 haukujengwa juu ya nadharia za Snodgrass wala za Stonebraker. Ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya MySQL, hifadhidata iliyotolewa mwaka 1995 nchini Sweden na Michael Widenius, David Axmark na Allan Larsson, iliyopendwa kwa wepesi wake na kwa kutolewa bure. MySQL ilikuwa na kanuni moja ya ajabu: safu ya kwanza ya aina ya TIMESTAMP katika jedwali ilijijaza yenyewe mstari ulipoingizwa, kisha ikajijaza upya kila mstari huo ulipobadilishwa, hata kama mbunifu wa jedwali hakuandika neno lolote la kuomba hivyo. Mbunifu aliyeweka safu moja tu ya aina hiyo katika jedwali la wateja, akaiita “sajiliwa” kwa nia ya kutunza siku ya usajili, aliridhika alipoiona ikijijaza; miezi michache baadaye mwenzake akatoa agizo moja la kurekebisha namba za simu za wateja wote, na kuanzia dakika hiyo wateja wote wakaonekana wamesajiliwa siku moja na saa moja, huku tarehe za awali zikiwa hazipatikani tena isipokuwa katika nakala za akiba, kama zilikuwepo. Hifadhidata ilikuwa imefanya kile hasa ambacho mwongozo wake ulisema itafanya.

Toleo la 4.1, lililokamilika Oktoba 2004, liliruhusu mbunifu aseme wazi kama anataka safu ijijaze wakati wa kuingizwa, wakati wa kubadilishwa au nyakati zote mbili, lakini liliacha kizuizi kilichosumbua kizazi kizima cha mafundi: katika jedwali zima, safu moja tu ndiyo iliyoruhusiwa kujijaza. Aliyetaka safu mbili, yaani ya kuundwa na ya kubadilishwa, alipewa kosa namba 1293 na agizo lake likakataliwa. Ilikuwepo hila ya kukizunguka kizuizi hicho, nayo ilikuwa kuifanya safu ya pili isikubali kuwa tupu, kisha programu ipeleke thamani tupu kwa makusudi wakati wa kuingiza mstari, kwa kuwa MySQL ilitafsiri utupu huo kuwa ombi la saa ya sasa. Hila hiyo ilitumika sana, lakini tayari ilikuwa imemrudisha mwandishi wa programu katika jukumu ambalo hifadhidata ilidai kumpunguzia. Kizuizi chenyewe kiliondolewa katika mfululizo wa 5.6, uliokamilika Februari 2013.

Njia nyingine ingekuwa triga, yaani agizo linalohifadhiwa ndani ya hifadhidata na kuamshwa lenyewe kila mstari unapoingizwa, kubadilishwa au kufutwa. Hifadhidata za Oracle na Sybase zilikuwa na triga miaka mingi kabla, lakini MySQL ilizipata katika toleo la 5.0 la Oktoba 2005, na mwanzoni aliyetaka kuunda triga alihitaji ruhusa ya ngazi ya juu kabisa, ile inayopewa msimamizi wa seva nzima. Tovuti nyingi za wakati huo ziliishi katika seva za kukodi ambamo mamia ya wateja walishiriki hifadhidata moja, na hakuna mwenye seva ambaye angempa mpangaji ruhusa hiyo. Kwa maneno mengine, mtu aliyeandika tovuti ya kawaida mwaka 2004 hakuwa na la kuchagua kati ya programu na hifadhidata. Upande mmoja ulikuwa umefungwa.

Ni katika hali hiyo ndipo zilipozaliwa fremuweki, yaani mifupa ya programu iliyotayarishwa ambayo mwandishi huijazia nyama ya kazi yake. Ruby on Rails, iliyotolewa Julai 2004 na David Heinemeier Hansson wa Denmark baada ya kuichomoa kutoka katika mfumo wa Basecamp uliotumia MySQL, ilikuja na desturi ambayo baadaye iliigwa kote: jedwali likiwa na safu zilizopewa majina ya created_at na updated_at, programu yenyewe huzijaza kabla ya kupeleka mstari kwenye hifadhidata, bila mwandishi kuagiza chochote zaidi ya kuzipa majina hayo. Django, iliyotoka Julai 2005 katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, iliweka jambo lilelile katika maelezo ya sehemu za modeli, yaani sura ya jedwali ndani ya msimbo, na Laravel ya mwaka 2011 ikalieneza miongoni mwa waandishi wa lugha ya PHP. Kwa Django hoja ya upungufu wa MySQL haitoshi peke yake, kwa sababu waanzilishi wake waliipendelea PostgreSQL, ambayo triga ilikuwa nazo. Hapo kilichoamua ni nia ya kuzitumikia hifadhidata kadhaa kwa msimbo mmoja, na njia salama ya kufanya hivyo ni kutozitegemea tabia ambazo kila hifadhidata inazo kwa namna yake.

Baada ya muda, lililokuwa lazima likavikwa vazi la kanuni. Mwaka 2005 Heinemeier Hansson alitetea hadharani wazo la kwamba werevu wa mfumo ukae katika tabaka moja tu, nalo ni tabaka la programu, na hifadhidata ibaki ghala lisilo na maamuzi. Wazo hilo lilikuwa na nguvu zake halisi. Mwandishi anayejaribu msimbo wake huweza kuisimamisha saa ya programu kwa makusudi, akathibitisha kwamba ankara isiyolipwa kwa siku 30 inatoa onyo, jambo ambalo ni gumu saa ikiwa ndani ya hifadhidata. Vilevile, programu iliyouweka muhuri yenyewe huujua papo hapo, ilhali ule uliowekwa na hifadhidata hulazimu mstari usomwe tena. PostgreSQL iliiondoa safari hiyo ya pili mwaka 2006, katika toleo la 8.2, kwa kuruhusu agizo la kuingiza mstari lirudishe thamani zilizoandikwa, lakini MySQL haikuifuata.

Udhaifu wa wazo hilo ulionekana pale data ilipopita mlango mwingine. Katika Rails, agizo la kubadilisha mistari mingi kwa mkupuo liitwalo update_all hupelekwa moja kwa moja kwenye hifadhidata bila kupita katika hatua za modeli, na hivyo haligusi updated_at. Katika Django, njia ya update hufanya vivyo hivyo. Msimamizi anayerekebisha kosa kwa kuandika SQL kwa mkono, programu ya pili iliyoandikwa kwa lugha nyingine, na zoezi la kupakia data kutoka kwenye faili la mahesabu, vyote huacha mistari iliyobadilika ikiwa na tarehe ya zamani. Kosa la namna hii ni baya kuliko lile la MySQL ya kale, maana lile lilijitangaza kwa tarehe zote kufanana, ilhali hili hukaa kimya, na mkaguzi anayeuliza ni nini kilibadilika wiki iliyopita hupewa jibu pungufu lenye sura ya ukamilifu.

Kuna pia suala la saa zenyewe. Leslie Lamport alionyesha mwaka 1978 kwamba katika mfumo uliotawanyika kwenye mashine nyingi, saa za mashine hizo hazitoshi kusema kwa hakika ni tukio gani lililotangulia, na ijapokuwa itifaki ya kulinganisha saa iliyobuniwa na David Mills na kuchapishwa mwaka 1985 huzisogeza karibu sana, programu inayoendeshwa kwenye seva 10 hupiga muhuri kwa saa 10, wakati hifadhidata moja huupiga kwa saa moja. Afrika Mashariki kosa la saa lina sura yake mahususi, kwa kuwa eneo hili liko saa tatu mbele ya wakati wa ulimwengu na mifumo yake mingi huishi katika seva za mbali zilizopangwa kwa wakati huo wa ulimwengu. Malipo yaliyofanyika Dar es Salaam saa saba usiku kuamkia tarehe 1 Februari huandikwa katika seva kuwa ya saa nne usiku, tarehe 31 Januari, na ripoti ya mwezi inayokata tarehe bila kuirudisha saa ya mahali huyahesabu katika Januari. Kosa hilo hutokea bila kujali ni nani aliyepiga muhuri, lakini huwa gumu zaidi kulitambua pale programu inapoandika saa ya mahali katika safu moja na hifadhidata ikaandika saa ya ulimwengu katika safu ya jirani.

Upande wa hifadhidata nao una mtego unaostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu wanaoutetea upande huo huusahau mara nyingi. Katika PostgreSQL, saa inayotolewa na amri ya now si saa ya agizo linalotekelezwa bali ni saa ya kuanza kwa muamala, yaani fungu la maagizo ambayo hukubaliwa yote kwa pamoja au hukataliwa yote. Jambo hilo lilikusudiwa, ili mistari yote iliyoandikwa katika muamala mmoja iwe na muhuri mmoja. Ukichukuliwa muamala ulioanza saa 8:00 usiku na kukubaliwa saa 8:40, mistari yake yote husomeka kuwa ya saa 8:00, ingawa hakuna mtu wa nje aliyeweza kuiona kabla ya saa 8:40. Programu nyingine inayonakili mabadiliko kila baada ya dakika 15, kwa kuuliza ni mistari gani yenye muhuri mpya kuliko wa mara iliyopita, itapita saa 8:15 na saa 8:30 bila kuiona mistari hiyo, na itakapopita saa 8:45 itaihesabu kuwa ya zamani na kuiruka daima. Toleo la 8.2 liliongeza njia ya kuuliza saa halisi ya papo hapo, lakini hata hiyo hutaja saa ya kuandikwa, si ya kukubaliwa, na mwanya hupungua bila kuzibika.

Kuanzia miaka ya 2010 mkondo umeanza kugeuka. Kiwango cha SQL cha mwaka 2011 kilileta majedwali yanayotunzwa historia na mfumo, ambamo kila mstari una wakati wa kuanza na wa kukoma unaowekwa na hifadhidata yenyewe na ambao mtumiaji haruhusiwi kuuandika, fikra ambayo Berkeley iliifanyia kazi miaka 25 kabla. Hifadhidata ya SQL Server ilikuwa nayo mwaka 2016 na ile ya MariaDB mwaka 2018. Django 5.0, iliyotoka Desemba 2023, ilimpa mwandishi njia ya kuiachia hifadhidata thamani ya mwanzo ya safu, ikiwemo saa ya kuingizwa, karibu miaka 20 baada ya toleo lake la kwanza. Mageuzi hayo hayajakamilika, na mahali yalipokwama ni katika safu ya pili: PostgreSQL, ambayo wengi huitaja kuwa kielelezo cha hifadhidata makini, haijaweka kishazi cha kuagiza safu ijisasishe mstari unapobadilika, kile ambacho MySQL imekuwa nacho tangu mwaka 2004, na anayekihitaji bado huandika triga yake mwenyewe, jedwali kwa jedwali.